Mmoja kapimwa sukari, chungu ni cha nyumba nzima. Kwenu mlifanyaje?

Mpishi wa Ngamiani (mleta uzi):

Wakuu, habari zenu. Naomba tulizungumze jambo ambalo hospitali hawana muda wa kulimaliza: mtu akishapewa majibu kwamba ana kisukari, chakula cha nyumbani kinakuwaje? Dawa tuwaachie madaktari. Mimi nataka tuongelee jikoni.

Kwetu Tanga aliyepimwa ni mama mkwe wangu. Kiu haikatiki, usiku anaamka kila mara kwenda haja ndogo, macho yanafifia, na sisi tukadhani ni utu uzima. Kipimo cha asubuhi kabla hajala kikatoka 13 (milimoli kwa lita ya damu, namba zote za sukari hapa ni hizo), wakarudia siku nyingine kikawa hukohuko. Kwa asiyejua, mtu ambaye hajala tangu usiku akifika 7 na kuendelea tayari anahesabiwa kuwa na ugonjwa. Akaandikiwa vidonge vya aina mbili, metformini na glibenklamidi, akaambiwa apunguze wanga, aache sukari, ale mboga. Tukarudi nyumbani.

Sasa angalieni kilichofuata, maana nimeongea na majirani na naona mambo ni yaleyale karibu kila nyumba. Kwanza inakuja hofu. Mama aliacha wali, akaacha muhogo, akaacha hata matunda. Chakula chake kikawa kabichi ya kuchemsha na kipande cha samaki, na vidonge anameza kama alivyoandikiwa. Mchana mmoja tukamkuta anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yake hayaeleweki. Kumbe glibenklamidi inashusha sukari umekula au hujala. Tukamkorogea maji ya sukari, akakaa sawa, kisha tukamlisha.

Halafu hofu inaondoka. Vidonge vimezoeleka, kiu imekatika, mtu anajiona mzima. Hapo ndipo zinapoingia hitma, arusi, wageni, na yule shoga wa kusema "kidogo hakidhuru." Miezi michache baadaye mtu yuko palepale alipoanzia, na sasa amekata tamaa maana anaamini alijaribu akashindwa.

Msimamo wangu ni kwamba chakula cha mgonjwa peke yake hakidumu. Kinachodumu ni kukibadilisha chungu cha nyumba nzima, na kazi hiyo haianzi na mgonjwa, inaanza na anayepika na anayetoa hela ya sokoni.

Nichukue mfano wa sinia. Kwetu tunakula pamoja, wali katikati, kila mtu anamega upande wake. Kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Na mtu mzima ana mtihani wake: akinawa mapema, wadogo wanaona haya kuendelea, kwa hiyo anabaki anamega ili wajukuu washibe. Tulipoanza kumwekea mama sahani yake ndogo pembeni hakusema neno. Kesho yake akasema hana njaa. Keshokutwa vilevile. Mume wangu ndiye aliyeelewa kwamba kwa mama, kutengewa chakula ni jambo la mtu aliyegombana na watu au mwenye maradhi ya kuambukiza. Tukabadilisha. Mchana wote tunakula sahani: mimi, baba watoto, watoto, hata mgeni akija. Sinia linatoka Ijumaa, na likitoka, nusu yake ni mchicha na bamia. Tangu hapo mama anakula vizuri na anatania kama zamani.

Chai nayo. Huku pwani chai inapikwa na sukari yake humohumo kwenye sufuria, ikimiminwa imeshakolea, hakuna wa kuchagua. Siku hizi naichemsha na tangawizi, hiliki na mdalasini, kopo la sukari liko mezani, anayetaka anajitilia. Watoto walinung'unika, kisha wakazoea, na sukari inayoingia humu ndani imepungua kwa kiasi ambacho muuza duka aliniuliza kama tumehamia duka lingine.

Kitu kilichotusaidia kuliko vyote ni mashine ndogo ya kupimia. Tulikuwa tunapima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula. Tuliambiwa kabla ya kula iwe kati ya 4 na 7, baada ya saa mbili isivuke 10. Uji wa ulezi, ambao kila mtu alituambia ndio chakula cha wenye sukari, ulimpeleka kwenye 14, na haukuwa na sukari hata chembe. Ugali mdogo wa dona na dagaa na mchicha mwingi, 9. Tangu siku hiyo sibishani na mtu kuhusu chakula kipi "cha sukari." Napima.

Nataka kusikia hasa kwa walioishi na jambo hili mwaka na zaidi.

---

Kiburu:

Dada, nimesoma mara mbili. Mimi ni wa Moshi vijijini, mgonjwa ni mzee wangu. Kwetu tatizo lilikuwa ndizi. Mzee aliamini wanga ni ugali na wali tu, ndizi mbichi anaihesabu kama mboga. Asubuhi mtori, mchana ndizi nyama, jioni kiburu. Sukari haishuki, na yeye anaapa ameacha wanga. Hakuwa anadanganya, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Lakini kubwa zaidi ni siri. Mzee hakutaka ukoo ujue. Huku kwenye shughuli mbege inapita kwa kata, na mkubwa akikataa kata anadaiwa sababu. Sababu hakutaka kuitoa, basi akawa anakunywa. Mbege ni ndizi na ulezi, pombe juu yake, na mtu ana vidonge tumboni. Hali ilitulia siku kaka mkubwa aliposimama kwenye kikao cha familia na kusema wazi: baba ana kisukari, asilazimishwe kitu. Hakuna aliyecheka. Baada ya kikao wazee wawili walimfuata pembeni kumweleza kwamba na wao wanayo, na wao walikuwa wanaficha.

---

Mzee Kijana:

Babu yangu amekula ugali wa muhogo asubuhi, mchana na jioni na amekufa mzee sana. Haya magonjwa yamekuja na vipimo. Usipopima unaishi kwa amani. Na huko kijijini kuna majani ya mlonge na mstafeli, mnachemsha, mnakunywa, mnaendelea na maisha. Mnajitesa.

---

Mpishi wa Ngamiani:

Mzee Kijana, shikamoo. Babu yako nadhani alilima kwa jembe la mkono, alikwenda kisimani na shambani kwa miguu, na soda aliiona sikukuu hadi sikukuu. Mama mkwe wangu ameshona kwa cherehani miaka mingi, amekaa kutwa nzima. Sahani inaweza kuwa ileile, kazi ya mwili haikuwa ileile. Na kuhusu kutopima, macho yake yalikuwa yanafifia kabla ya kipimo chochote.

---

Muuguzi wa Zamu:

Habari wana jukwaa. Nafanya kazi kwenye kliniki ya kisukari, sitasema wapi.

Mzee wangu Mzee Kijana, kwa heshima zote, wale wanaoishi kwa amani bila kupima ndio tunaowapokea wakiwa na kidonda cha mguu kisichopona. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa midogo ya macho na figo, na mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu anakanyaga msumari hasikii. Anagundua akiona soksi ina damu. Majani ya mlonge ni mboga nzuri, pikeni, kuleni. Lakini anayeacha vidonge akabaki na maji ya majani namwona baada ya muda mfupi, na mara nyingi analetwa amebebwa.

Mleta uzi, uji ulivyokupa 14 wala sishangai. Nafaka iliyosagwa laini na kupikwa ikawa ya kunywa haina kazi ya kumeng'enywa, inaingia kwenye damu haraka. Ulezi ni chakula kizuri, shida ni umbo la uji na ukubwa wa kikombe. Dona vilevile, ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini wanga ni wanga. Nimewaona watu wamehamia dona, na kwa kuwa wameambiwa ni salama, tonge limeongezeka mara mbili.

Tunachofundisha kliniki ni sahani. Nusu yake mboga zisizo na wanga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, nyanya chungu, bilinganya, kabichi. Robo samaki, maharage, yai, kuku au nyama. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi, viazi au muhogo, kimoja kati ya hivyo, si viwili pamoja. Wali na chapati kwenye sahani moja ni wanga juu ya wanga. Tunda liliwe zima, lisigeuzwe juisi. Chungwa moja linatosha mtu, ila glasi ya juisi imebeba machungwa matatu au manne na nyuzi zake zimetupwa.

Niseme na jambo linaloniuma. Wagonjwa wengi wanakula vizuri siku chache kabla ya kuja kliniki. Kipimo cha asubuhi kinatoka kizuri, wanafurahi, wanaondoka. Kikija kile cha HbA1c, ambacho kinaonyesha hali ya miezi miwili mitatu iliyopita, kinasema mengine. Wanafanya hivyo kwa kuogopa kugombezwa, na nakiri tupo watumishi tunaogombeza. Mgonjwa asiyeweza kukwambia alikula pilau huwezi kumsaidia.

Na tahadhari: haya yote ni kwa kisukari aina ya 2, kile kinachowapata zaidi watu wazima. Mtoto mwenye aina ya 1, ambaye mwili wake hautengenezi insulini ya kushusha sukari, anaishi kwa sindano za insulini. Asinyimwe chakula wala asisitishiwe sindano kwa ushauri wa mtandaoni.

---

Unguja Moja:

Asalaam alaikum. Muuguzi, Allah akulipe kheri. Mimi nauliza na kuchangia kuhusu Ramadhani. Wazee wetu huku hata daktari akiwaambia wasifunge hawakubali. Ruhusa ya mgonjwa ipo kwenye Qurani, sura ya Al-Baqara, lakini mzee aliyefunga tangu utotoni anaona akila mchana amepungukiwa. Namwelewa, siwezi kumlaumu.

Sasa tazameni futari yetu: muhogo wa nazi, viazi vitamu, majimbi, ndizi mbivu, tambi, kaimati, tende, juisi. Karibu vyote wanga na vingi vina sukari juu. Mtu amekaa kutwa tupu, magharibi anamimina vyote kwa mpigo. Bibi yangu sukari ilikuwa haishuki mwezi mzima, na Shaaban alikuwa mzima kabisa.

Tulichofanya: tende moja na maji, anasali magharibi kwanza, akirudi anaanza na mchuzi wa samaki na mboga, kisha kipande kimoja cha muhogo. Kaimati zinapikwa mara moja kwa wiki, kwa wote. Daku anakula mwishomwisho kabla ya alfajiri, maharage na chapati nusu. Na anapima mchana. Kuna waliokuwa wanakataa wakidhani kutoboa kidole kunavunja saumu, masheikh wengi wameshasema hakuvunji.

Swali: ni namba gani akifika lazima afungue?

---

Muuguzi wa Zamu:

Waalaikum salaam. Chini ya 3.9 afungue hapohapo, asisubiri adhana hata kama zimebaki dakika kumi. Juu ya 16.6 pia afungue, anywe maji, amwone daktari. Akijisikia kutetemeka au kizunguzungu afungue hata kama mashine haipo karibu. Na aje kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, maana saa za vidonge na dozi zinahitaji kupangwa upya. Anayetumia insulini, mwenye figo, na mjamzito wasifunge kwa kujiamulia wenyewe.

---

Wa Kisumu:

Hamjambo kutoka Kenya. Huu uzi umenigusa lakini yangu ni presha. Nataka niwaonyeshe tofauti. Mwenye sukari huwa anahisi kiu, anachoka, anaogopa, anabadilisha chakula hata kama ni kwa muda. Mimi niliambiwa presha yangu ni 160 kwa 100 na sikuwa nahisi chochote. Nilitoka hospitalini nikaenda kula samaki wa kukaanga na ugali, na kachumbari yenye chumvi ya kutosha. Ningeogopa nini na mwili haunidai?

Kilichonibadilisha ni mke wangu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai. Mke wangu akapima chumvi ya siku nzima ya watu wote nyumbani, akaiweka kwenye kikombe asubuhi, akasema tukimaliza hii hatuongezi. Ilikuwa imeisha kabla ya saa sita mchana. Na hapo hatukuwa tumehesabu vile viungo vya mchuzi vya paketi, ambavyo vimejaa chumvi, wala mkate, wala omena waliokaushwa na chumvi. Sasa mchuzi wetu ni kitunguu, nyanya, dania, limau na tangawizi, na sukuma inapikwa na maziwa kidogo. Kopo la chumvi limetoka mezani. Nakubaliana na dada wa Tanga, kama chumvi ingetolewa kwenye sahani yangu peke yangu ningeiba kwa jirani.

---

Leicester Mbali:

Wakuu, niko Uingereza, nichangie kidogo. Mnaongelea kudhibiti, lakini mjue wapo wanaofikia hatua sukari inarudi kawaida bila vidonge. Kuna utafiti unaitwa DiRECT, wa Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow. Waliwachukua watu wenye kisukari aina ya 2 cha chini ya miaka sita, wenye uzito mkubwa na wasiotumia insulini, wakawapa supu na vinywaji maalumu vya kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakawarudisha kwenye chakula cha kawaida taratibu. Matokeo yalitoka 2017: baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa hawana kisukari tena kwa vipimo na hawatumii dawa. Waliopungua kilo 15 na zaidi ilikuwa asilimia 86. Huku sasa mpango kama huo unatolewa na huduma ya afya ya taifa.

Maelezo yao ni kwamba mafuta yaliyojaa kwenye ini na kongosho (kiungo kinachotengeneza insulini) yakipungua, kongosho linaamka. Kazi inayobaki ni kuzuia uzito usirudi, kwa sababu ukirudi na sukari inarudi nayo.

---

Mpishi wa Ngamiani:

Kaka wa Leicester, ahsante, hili limenipa moyo. Lakini nisisitize kwa wasomaji wa nyumbani: msilikimbilie peke yenu. Kalori 850 na glibenklamidi tumboni ni kile nilichokieleza juu, mtu kutetemeka sakafuni. Hao wa utafiti dawa zao zilisimamishwa na madaktari siku ya kwanza, na walifuatiliwa.

---

Kiburu:

Naongezea upande mwingine kabla uzi haujahama. Majibu yanaweza kukunyima chakula bila sababu. Mimi niliambiwa nina vidonda vya tumbo, na kila niliyemwambia akanikataza kitu chake: maharage, pilipili, ndimu, nanasi, kisamvu. Nilikula viazi na maziwa muda mrefu mpaka nikakonda. Maharage ndiyo nyama yetu sisi, ukimkataza mtu maharage umemkataza protini. Daktari mwingine akanipima bakteria, nikapewa antibayotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi kwa wiki mbili. Maharage nakula mpaka leo.

---

Muuguzi wa Zamu:

Kiburu, hilo ni sahihi na watu walisikie. Vidonda vingi vinatokana na bakteria aitwaye H. pylori au matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diklofenaki. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kulionyesha hilo la bakteria. Kama pilipili inakuchoma, iache, lakini haikukuletea kidonda, na kuacha maharage hakukitibu. Ombeni kipimo cha bakteria kabla ya kupunguza orodha ya chakula.

---

Mzee Kijana:

Marahaba binti wa Tanga. Nimewasoma wote. Kesho nitakwenda kupima, miguu inaniwaka usiku muda sasa. Nile au nisile kabla?

---

Muuguzi wa Zamu:

Usile tangu saa nne usiku, maji unywe tu. Nenda asubuhi mapema, chukua na mtu wa kukusindikiza, na mwonyeshe daktari hiyo miguu, uvue soksi aiangalie. Utuletee majibu hapa, mzee wetu.

---

Mama Wawili:

Samahanini naingia katikati. Mume wangu kapewa majibu leo asubuhi, 11 kabla ya kula. Ameandikiwa metformini. Tangu tutoke hospitali hajaongea. Jioni nipike nini?

---

Mpishi wa Ngamiani:

Pole sana mdogo wangu. Pika kile ulichopanga kupika. Kama ni ugali, songa mdogo kuliko kawaida kwa watu wote, na nunua mafungu mawili ya mchicha pale ulipokuwa ununue moja. Dagaa, samaki au maharage, chochote mlichonacho. Kama ni wali wa nazi basi uwe wa nazi, usimbadilishie ladha usiku wa leo. Pakua jikoni, usipeleke sufuria mezani, na sahani zenu zifanane, yako na yake na za watoto. Mboga iwe nyingi kuliko wanga kwenye zote. Maji, sio juisi. Metformini ameze pamoja na chakula, itampunguzia kichefuchefu. Mbele ya watoto usimwambie "hiki hutakiwi." Mkimaliza mwombe mtembee hata mpaka dukani na kurudi, kutembea baada ya kula kunashusha sukari. Kesho andika alichokula na namba zake, ziweke hapa, tutaziangalia pamoja.